Kidonge Kisichotafunwa

Kwenye baadhi ya visanduku vya dawa vinavyouzwa katika farmasi za Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo, jina la dawa hufuatwa na herufi mbili: LP. Ni kifupi cha Kifaransa, libération prolongée, na maana yake ni kwamba dawa iliyomo haitoki yote kwa mara moja. Hutoka kidogo kidogo kwa saa nyingi. Vile vinavyotoka India mara nyingi huandikwa SR au XR, na jambo ni lilelile. Mgonjwa wa kisukari wa mtaa wa Rugenge hulipa, hutia kisanduku mfukoni na kwenda zake. Herufi zile huenda asizitazame kabisa.

Maana yake huonekana vizuri kwenye glasi ya maji. Kidonge cha metfomini LP, dawa ya kisukari, kikitumbukizwa jioni katika maji ya uvuguvugu, hakisambaratiki kama kidonge cha kawaida. Kwanza ngozi yake hulainika. Baada ya saa mbili tatu kimevimba, kimevikwa ute mzito unaong'aa, na ukikishika kinateleza kama mbegu ya bamia iliyotoka chunguni. Asubuhi mara nyingi bado kipo: donge la ute lililofifia pembeni, na katikati kiini cheupe ambacho maji hayajakifikia. Tumboni mambo huenda vivyo hivyo. Maji huingia, ute hujijenga, na dawa hupenya ndani ya ute huo polepole hadi ifike mwilini.

Ute huo ni sukari. Si ile ya kutia kwenye chai. Ni sukari iliyoungwa punje kwa punje, mamia kwa maelfu, mpaka ikawa mnyororo mrefu. Wataalamu huiita polisakaridi. Mnyororo wa namna hiyo ukinasa maji na kuyashika bila wenyewe kuyeyuka na kupotea, kinachopatikana huitwa hidrojeli. Namna ute ulivyogeuzwa kuwa chombo cha kubebea dawa ni historia inayopita Ujerumani na Prague, Paje na Kampala. Kwa mtu wa Uvira inaanzia jikoni.

Unga wa muhogo umejaa chembe ndogo za wanga. Katika maji baridi chembe hizo huzama na kutulia chini ya sufuria. Moto ukifikia nyuzi 60 hadi 70 hunywa maji, huvimba, hupasuka, na minyororo yake hutapakaa na kushikana. Ndiyo dakika ile ambayo mwiko unakuwa mzito ghafla, na mpishi anaibana sufuria kwa miguu na kusonga kwa mikono miwili. Bugali ulioiva una maji mengi kuliko unga, lakini haumwagiki. Unakatwa kwa vidole, unafinyangwa, unachovywa kwenye mchuzi wa samaki mukeke. Ukilala hadi kesho, minyororo hujipanga upya na kubanana, na bugali unakuwa mgumu. Kila anayesonga bugali kando ya Ziwa Tanganyika anatengeneza hidrojeli kila siku, na anajua kwa mkono wake mambo mawili yanayowashughulisha wanakemia: kiasi cha maji, na muda.

Mmoja wa wanaotajwa mapema katika historia ya kisayansi ya ute naye alikuwa mtu wa jikoni. Angelina Hesse, mke na msaidizi wa daktari Walther Hesse, alimsaidia mumewe katika maabara ya Robert Koch, huko Ujerumani, mwaka 1881. Walikuwa wakikuza vijidudu juu ya jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na kila joto lilipopanda jelatini iliyeyuka na kazi ikaharibika. Angelina alikuwa akigandisha vyakula vyake kwa agari, ute wa mwani uliotumiwa tangu zamani Asia ya Mashariki. Alikuwa ameufahamu kupitia jirani aliyewahi kuishi Java. Akapendekeza wautumie. Agari ikishaganda haiyeyuki hadi ikaribie joto la maji yanayochemka, na vijidudu vingi haviwezi kuila. Koch aliitaja agari katika maandishi yake ya mwaka 1882 kuhusu kifua kikuu, lakini jina la Angelina hakuliandika.

Uvira ina sababu ya kulikumbuka jina hilo. Kipindupindu huupiga mji huu mwaka baada ya mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia wagonjwa wa Uvira kuanzia Januari 2009 hadi Aprili 2014, ulionyesha kwamba baada ya siku moja ya bomba kukauka, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa wastani wa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, wakilinganishwa na siku zilizofuata maji ya kutosha. Maabara inapotaka kuthibitisha ugonjwa huo, sampuli hupakwa juu ya sahani ya agari ya kijani iliyotiwa sukari ya kawaida. Kijidudu cha kipindupindu hula sukari hiyo, na kesho yake madoa ya njano huwa yametokeza juu ya ule ukijani. Ute wa mwani ndio unaokifichua.

Vita Kuu ya Pili ilipokata biashara na Japani, agari ikaadimika Ulaya na Marekani. Viwanda vikageukia mwani mwekundu wa pwani za Atlantiki, ambao watu wa Ireland walikuwa wakiuchemsha katika maziwa kutibu kikohozi. Ute wake ni karajinani. Hatima ya karajinani ingekuja kufungwa na Zanzibar, ila kabla ya hapo kuna kisa cha Prague.

Mwaka 1960 wanasayansi wawili wa Prague, Chekoslovakia, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, walichapisha katika jarida la Nature makala fupi kuhusu jeli zinazopenda maji na zinazoweza kukaa ndani ya mwili bila kuudhuru. Jeli yao ilikuwa ya maabara, haikutoka kwenye mmea, na ndiyo iliyozaa lenzi laini za macho. Wazo lao lilienda mbali kuliko jicho. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji yaliyoshikwa na minyororo, hivyo kitu kinachotaka kuishi nao kwa amani nacho kinafaa kiwe maji yaliyoshikwa.

Miaka miwili baadaye, 1962, Wamarekani wawili, Christenson na Dale, walipewa hataza ya kidonge kinachotoa dawa taratibu. Ukisoma walichokifanya unashangaa jinsi kilivyo chepesi. Changanya dawa na unga wa gundi inayopenda maji, theluthi ya uzito au zaidi, kisha gandamiza. Hakuna gamba, hakuna mashine ndogo ndani. Maji ya tumbo ndiyo yanayofanya kazi yote: yanajenga ukuta wa ute kuzunguka kidonge, na ukuta huo ndio mlinzi wa mlango.

Gundi iliyoshika nafasi ya kwanza katika vidonge hivyo ni hipromelosi, nayo hutengenezwa kutokana na selulosi ya miti au ya pamba. Hapa msomaji wa Uvira ana haki ya kusimama kidogo. Enzi za Wabelgiji wakulima wa uwanda wa Ruzizi walilazimishwa kulima pamba, na uwanda huohuo ulikuwa na miwa ya kiwanda cha Kiliba, kilichosimama vita vilipoingia mwaka 1996. Muwa, muhogo na pamba hujengwa kwa tofali moja, glukosi. Katika sukari ya Kiliba glukosi moja iliungana na fruktosi moja. Katika muhogo glukosi nyingi zimeungana katika mnyororo unaojipinda, ndiyo maana unavimba kwenye maji ya moto. Katika pamba mnyororo umenyooka na kulalana na wenzake kwa kubanana hivi kwamba maji hayapati pa kuingia; shati la pamba huloa, halifanyi uji. Wanakemia huupachika mnyororo huo vishikizo vidogo vinavyoutenganisha na wenzake. Maji huingia, na pamba inakuwa ute.

Sasa Zanzibar. Mwani wa porini uliokotwa na kusafirishwa kutoka visiwani tangu miaka ya 1930, lakini kuokota hakukutosheleza viwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliongoza majaribio ya kuulima mwani huko Ufilipino. Mtanzania Keto Mshigeni alisomea shahada yake ya uzamivu katika chuo hichohicho, akarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kueneza wazo kwamba pwani ya Tanzania nayo inaweza kulimwa. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza mashariki mwa Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino.

Walioingia majini ni wanawake. Maji ya bamvua yakitoka, mkulima hutembea hadi shambani, maji yakiwa magotini au kiunoni. Vigingi vimechomekwa mchangani kwa safu, kamba zimevutwa kati yake, na kila baada ya shubiri kuna tawi dogo la mwani lililofungwa kwa uzi. Baada ya wiki sita hivi tawi limekuwa kichaka. Hukatwa, hubebwa kichwani likiwa linachuruzika maji ya chumvi, na huanikwa. Kilo saba au nane za mwani mbichi hutoa kilo moja ya mkavu. Kazi hiyo ilisomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati, na iliwapa wanawake wengi wa vijiji vile fedha ya kwanza waliyoishika kwa jina lao wenyewe. Idadi ya wakulima ilipita 20,000, wengi wao wanawake.

Wanalima aina mbili, ambazo wafanyabiashara huziita spinosamu na kotonii. Spinosamu hutoa jeli laini inayonyumbulika ikikutana na kalsiamu. Kotonii hutoa jeli ngumu inayokatika, ikikutana na potasiamu. Kwa macho ya mwanakemia ni kama ususi: ute wa moto ukipoa, minyororo hujisokota miwili miwili, na chembe za madini huibana misuko hiyo isifumuke. Viwanda hupenda zaidi ule mgumu, na bei ya kotonii ni kubwa kuliko ya mwenzake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa Zanzibar. Maji ya mwambao yamepata joto, matawi hugeuka meupe na kulainika, kamba hubaki tupu. Mtafiti Flower Msuya, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi na wakulima hao, amehimiza kuhamishia mashamba kwenye maji ya kina kirefu na kuuongezea mwani thamani papo hapo, kwa sabuni na mafuta ya kujipaka. Hata hivyo sehemu kubwa ya mwani bado huondoka ukiwa mkavu ndani ya magunia, na ute wake hukamuliwa kwingine.

Karajinani ikawa nyota ya tumaini kubwa zaidi ambalo ute uliwahi kubebeshwa Afrika.

Katika miaka ya 1990 wanawake walikuwa wakiambukizwa Virusi vya Ukimwi na waume na wapenzi ambao hawakukubali kuvaa kondomu. Kilichotafutwa ni kitu ambacho mwanamke angejipaka mwenyewe, bila kuomba ruhusa. Karajinani imejaa salfeti zenye chaji hasi, na katika maabara virusi vilinaswa nazo kama dagaa kwenye wavu. Taasisi ya Population Council ya New York ikatengeneza jeli iliyoitwa Carraguard. Kuanzia mwaka 2004 wanawake 6,202 wa Gugulethu, Isipingo na Soshanguve, nchini Afrika Kusini, waliingia katika jaribio: nusu walipewa Carraguard, nusu jeli ya selulosi isiyo na dawa. Matokeo yalitangazwa Februari 2008. Walioambukizwa upande wa Carraguard walikuwa 134, upande wa pili 151. Tofauti ilikuwa ndogo mno kuhesabika kuwa kinga. Jeli ilikuwa salama, na haikuzuia.

Kampala ilikuwa imekwisha kuonja uchungu wa namna hiyo. Jeli nyingine, ya selulosi iliyopachikwa salfeti, ilijaribiwa Uganda, Benin, Afrika Kusini na India kwa wanawake wapatao 1,400. Mwishoni mwa Januari 2007 jaribio lilisitishwa kwa sababu maambukizi yalionekana mengi kwa waliotumia jeli yenye dawa. Hesabu ya mwisho ilikuwa 25 kwa 16, tofauti ambayo inaweza kuletwa na bahati tu. Lakini wanawake wale walikuwa wamejitolea miili yao wakitegemea kinga, na ni wajibu wa kila anayesimulia historia ya dawa kuwataja kabla ya kuwataja wavumbuzi.

Baadaye ute ukapewa kazi nyingine. Haukutakiwa tena kupigana na virusi wenyewe. Ulitakiwa kubeba dawa inayopigana. Quarraisha na Salim Abdool Karim wa Durban walitia asilimia moja ya tenofovir, dawa ya kupunguza makali ya Ukimwi, ndani ya jeli ya selulosi. Mwanamke aliipaka ndani ya saa 12 kabla ya tendo, na tena ndani ya saa 12 baada yake. Wanawake 889 wa KwaZulu-Natal walishiriki. Julai 2010, katika mkutano wa Vienna, ilitangazwa kwamba maambukizi yalikuwa 38 kwa waliotumia tenofovir na 60 kwa wengine, yaani pungufu kwa asilimia 39. Ukumbi ulisimama na kupiga makofi. Kwa mara ya kwanza jeli iliyo mikononi mwa mwanamke ilikuwa imezuia VVU.

Furaha haikudumu. Jaribio kubwa lililoitwa VOICE, la wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Zimbabwe na Uganda, liliwaagiza baadhi yao watumie jeli hiyo kila siku. Mwaka 2013 matokeo yakaonyesha haikusaidia. Damu ilipopimwa, dawa ilipatikana katika takriban robo tu ya sampuli za wanawake waliopewa jeli. Mwaka 2015 jaribio jingine la Afrika Kusini, FACTS 001, likamaliza mjadala kwa jibu lilelile.

Wapo waliowalaumu wanawake. Lawama hiyo si ya haki. Jeli iliomba mtu aikumbuke kila mara, aifiche chumbani asikoweza kufunga mlango, aipake katika maisha ambayo saa zake hazimilikiwi naye. Kidonge cha Christenson na Dale kilifaulu kwa sababu muda uliwekwa ndani ya ute wenyewe. Mgonjwa humeza mara moja na ute unahesabu saa kwa niaba yake. Jeli ya tenofovir ilimwachia mwanamke kazi ya kuhesabu. Waliofuata walijifunza. Pete ya ukeni yenye dawa ya dapivirini, iliyojaribiwa Uganda na nchi za kusini mwa Afrika na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani Januari 2021, hukaa mwezi mzima ikitoa dawa yenyewe. Pete hiyo ni ya silikoni, si ya ute, lakini wazo ni lile la kidonge cha mwaka 1962.

Karajinani nayo haikuzikwa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waligundua kwamba inakizuia kwa nguvu sana katika maabara kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na majaribio kwa wanawake yakafuata. Ute wa mwani mwingine, alginati, ambao Mwingereza Edward Stanford aliutenga huko Uskoti katika miaka ya 1880, leo unaelea juu ya tindikali za matumbo yenye kiungulia na kufunika vidonda vinavyotoa maji. Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun walifungia seli za kongosho ndani ya vipira vyake na kuwapa panya wenye kisukari. Sukari ya panya ikashuka kwa wiki kadhaa.

Kisukari kinarudisha habari Rugenge. Metfomini ya kutolewa taratibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2000, ikiwa imelazwa ndani ya ute wa selulosi, ili dawa iliyomezwa mara mbili tatu kwa siku imezwe mara moja wakati wa chakula cha jioni na tumbo lisichafuke sana. Mgonjwa akiona siku moja ganda laini kama la kidonge katika choo chake, asidhani dawa haikufanya kazi. Dawa imetoka, lililobaki ni ute mtupu.

Lipo ombi moja kwa anayesoma haya na kwa anayemhudumia mzazi mgonjwa. Watu wengi hukitwanga kidonge kikubwa kwa kijiko ili mzee akimeze kwa uji, au hukikata ili kitoshe siku mbili. Kidonge cha LP, SR au XR kikitwangwa au kutafunwa, ukuta wa ute haujengeki, na dawa iliyopimwa kwa saa 12 au 24 inamwagika mwilini kwa muda mfupi. Kwa metfomini tumbo litachafuka. Kwa nifedipini LP ya shinikizo la damu, shinikizo linaweza kuporomoka ghafla. Kwa mofini ya kutolewa taratibu, pumzi inaweza kusimama. Soma herufi zilizo baada ya jina la dawa kabla hujaondoka dirishani. Mgonjwa asipoweza kumeza kizima, mwambie mwuza dawa hapohapo, akupe ya kawaida au ya maji, na akueleze imezwe mara ngapi kwa siku.